Ukuta wa Nyuki wa Kogo Rael

Hata leo nikilala katika chumba kigeni, jambo la kwanza ni kuweka sikio ukutani. Watoto wangu hunicheka. Mume wangu aliacha kuuliza zamani. Sijawahi kusikia kitu, na huenda ni vyema, kwa kuwa ukuta wenye uhai niliulalia mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini, kwenye kilima kimoja juu ya Litein, katika nyumba ya Kogo Rael. Mwezi uliopita mwanawe Joel alinipigia simu nikiwa kwenye gwaride la asubuhi. "Mwalimu, Mama ametuacha," alisema. "Alikuwa amesema usikose." Nilimaliza gwaride, nikawaambia watoto waingie madarasani, kisha nikaenda ofisini nikafunga mlango. Nililia, wala si kwa huzuni peke yake. Kuna neno nililokuwa nimemwekea yule mama kwa miaka thelathini na sita, na sasa halikuwa na mtu wa kulipokea.

Nilifika kwake nikiwa mwalimu asiye na mafunzo, wa kulipwa na wazazi, nikingoja kuitwa chuo cha ualimu. Nilitoka Kisii na sanduku la bati, blanketi mbili na jozi moja ya viatu vya kufundishia. Mwalimu mkuu alinipeleka kwa mjane aliyekaa karibu na shule, ambaye wajukuu wake na kila mtu mwingine walimwita Kogo, yaani nyanya, ingawa alikuwa na miaka sitini tu na alichuma majani chai kuwashinda wasichana. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta mnene, uliojengwa kwa fito pande mbili na udongo kujazwa katikati. Miaka mingi ilikuwa imeuteremsha udongo ule wa katikati, panya wakamalizia, na ndani pakabaki uwazi. Nyuki wakauona. Mahali ukuta huo ulipokutana na ule wa nje, chini kidogo ya dirisha langu, palikuwa na shimo la kuingia kidole kimoja, na hapo ndipo walipopitia. Siku ya kwanza Kogo alinishika mkono akauweka kiganja wazi ukutani. Ukuta ulikuwa na joto. "Hapa tunakaa watatu," aliniambia. "Mimi, wewe, na hawa. Wewe usiogope. Hawana shida na mtu hana shida nao."

Niliogopa, bila shaka. Usiku wa kwanza sikulala. Ile sauti haikuwa kelele. Ilikuwa mngurumo wa chini, usiopanda wala kushuka, na mvua ilipopiga mabati nilikuwa nausikia kwa kichwa changu kuliko kwa masikio. Lakini Julai ilipofika, na baridi ya kule ni ya kuuma mifupa, nilikisogeza kitanda changu mpaka kikagusa ukuta. Nililala nimeuelekezea mgongo. Kogo alikuwa amenieleza kwamba wao hujikusanya juu ya watoto wao na kutetemesha miili ili kuwapa joto, hata kama nje kuna barafu, na kwamba hawaachi joto lipungue hata kidogo. Nilijiona mjanja kwa kuiba joto la watoto wa wengine.

Tulikula jikoni, kibanda cha udongo kilichokaa peke yake nyuma ya nyumba. Ugali, mboga chungu ya sageti iliyochemshwa ikatiwa maziwa, na maziwa lala kutoka kwenye kibuyu, yenye majivu meusi yaliyonishinda mwezi mzima na ambayo sasa nayatafuta hata mjini. Kogo hakuwa mtu wa hadithi. Alisema jambo akiwa anafanya jambo lingine. Akichagua mboga atasema, "Leo wametoa madume nje. Chakula imepungua." Nami nikienda dirishani naona kweli, nyuki wanene wasio na mwiba wakivutwa kwa mabawa na kutupwa chini, na hawarudishwi. Akikoroga ugali atasema wale wanaosimama mlangoni wakipunga mabawa hawachezi, wanapeleka hewa ndani, na kila mmoja ana zamu yake, na asubuhi mapema utaona mmoja akitoka na maiti amemkumbatia, anaenda kumwangusha mbali na nyumba. "Hakuna uchafu kwao," alisema. "Mtu akifa ndani, anatolewa."

"Na kama ni kitu kikubwa? Kama hawawezi kukibeba?"

"Hapo sijui," alisema. "Sijawahi kuingia." Kisha akacheka, na kucheka kwake kulikuwa nadra.

Kulikuwa na kazi moja tuliyoifanya pamoja kila baada ya majuma machache: kusiriba. Udongo, samadi ya ng'ombe, majivu na maji vinakandwa mpaka vinashikana, kisha unapaka ukuta kwa kiganja. Kwetu, mama alinifundisha kuuteremsha mkono kutoka juu hadi chini, mistari iliyonyooka. Kogo aliuzungusha mkono wake, nusu duara juu ya nusu duara, na ukuta wake ulipokauka ulionekana kama magamba ya samaki. Aliniambia kwamba mwanamke yeyote wa kilima kile angepita barabarani na kutaja ni nani aliyesiriba nyumba ipi, na nani alisaidiwa na nani, na nani alikuwa na haraka. Wanaume hawakulijua hilo. Wao waliona ukuta tu. Aliniachia upande wa dirisha langu niupake nitakavyo, na wapita njia wakawa wanasema, "Huyo ni mwalimu wa Kisii."

Joel alikuja kila Jumamosi. Alikuwa na miaka kama thelathini na miwili, mkulima wa chai mwenye bidii, na alikuwa amejenga nyumba yake ya mawe hatua mia moja kutoka kwa mama yake. Walizungumza chumbani kwa Kogo, kwa Kikipsigis, nami nikiwa upande wa pili nikisahihisha madaftari. Mwanzoni nilisikia sauti tu ikichanganyika na mngurumo. Kufikia Septemba nilikuwa nimejua lugha ya kutosha, na sikujivunia nilichoelewa. Alitaka nyumba ya udongo ibomolewe. Alitaka mama ahamie chumba atakachomjengea, kwa saruji na mawe, kando ya nyumba yake. Watu walikuwa wanamsema, mtoto anakaa kwenye mawe na mama kwenye udongo. Naye Kogo alijibu neno moja kila Jumamosi: nyuki walioingia nyumbani wenyewe hawafukuzwi, na ukuta walimo haubomolewi mpaka wahame kwa hiari yao. Alilipokea hilo kwa mama mkwe wake. Joel, japo alikuwa mzee wa kanisa, hakuthubutu kulivunja. Nilielewa basi kwamba nyumba ile ilisimama kwa sababu ya nyuki. Yeye aliolewa humo, akazalia humo, mume wake akafia humo, na nyuki ndio waliokuwa wamemshikia mlango.

Nilijua hivyo. Nataka niliseme mapema, kabla sijaeleza nilichofanya, ili nisije nikajifanya mjinga.

Novemba mvua ya mawe ilishuka alasiri moja na kuyachana majani chai yote ya kilima. Ilichana pia maua. Kisha Januari ikaja na jua, vumbi na baridi kavu ya asubuhi, na nyuki wakawa na njaa. Walikuja jikoni kwenye sukari. Walikuja kwenye beseni langu la kunawia. Kogo alinionya: "Wana hasira ya njaa. Usizibe kitu, usipige kitu. Ukisumbuliwa niambie, mimi nitawawekea moshi kidogo." Februari, asubuhi ya siku ambayo mkaguzi wa elimu alikuja kuniona nikifundisha, mmoja aliniuma kwenye kope. Nilisimama mbele ya darasa la nne jicho moja limefumba, shavu limejaa. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Mkaguzi hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ripoti yake ndiyo ingenipeleka chuo. Nilirudi nyumbani na hasira niliyoificha chini ya ugali, na Kogo alipoleta mafuta ya kunipaka nilisema, "Asante, Kogo, si kitu."

Jumapili iliyofuata nilimwambia naumwa na kichwa, aende kanisani bila mimi. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye chai na nyuki wachache tu walikuwa wametoka. Nilichukua udongo uliobaki wa kusiriba, viganja viwili, nikaukanda, nikausukumia kwenye shimo lile, nikapaka juu yake. Nilipaka vizuri, hata katika ubaya mtu hufuata alivyofundishwa. Nilijiambia kwamba watatafuta njia nyingine, watahama, watakwenda msituni wanakostahili. Kisha nikachukua madaftari yangu nikaenda shuleni, nikakaa kwenye darasa tupu, maana sikutaka kuona.

Njia nyingine waliyoipata ilikuwa ufa nyuma ya kitanda cha Kogo. Alirudi kutoka kanisani akaingia chumbani kubadilisha nguo, dirisha limefungwa, chumba giza. Nilipofika saa nane nilikuta watu langoni na Joel akiwa ndani ya koti la mvua na gunia kichwani, akimtoa mama yake mgongoni. Uso wa Kogo ulikuwa umevimba hata haukuwa na macho. Aliwekwa kwenye pikapu ya jirani akapelekwa hospitali, na mimi nilishika viatu vyake vya kanisani, pea moja, mpaka jioni, nisijue pa kuviweka.

Jumatatu Joel alimwaga dawa ukutani. Mngurumo ulipanda, ukawa kitu ambacho sitajaribu kukieleza, kisha ukaisha. Jumanne aliubomoa ukuta kutoka chumbani kwa Kogo, nami nilikuwapo. Masega yalikuwa saba, marefu kuliko mkono wangu, yamening'inia sambamba, na kati ya moja na jingine nafasi ilikuwa ileile, juu hadi chini, ya nyuki wawili kupishana wakipeana migongo. Juu yalikuwa meusi kwa uzee, chini meupe, mapya, kazi ya kabla ya mvua ya mawe. Chini kabisa, juu ya fito, Joel alikuta kitu cha rangi ya kahawia, kigumu, kinachong'aa. Alikigeuza kwa panga. Kilikuwa panya mzima, mkia na yote, amefunikwa kwa ile gundi ya nyuki mpaka hakuwa na harufu. Walimuua, wakashindwa kumbeba. Wakamziba vizuri, wakaendelea kuishi naye. Nilitaka kukimbia nikamwambie Kogo kwamba swali letu la jikoni limepata jibu, kisha nikakumbuka yuko wapi na ni nani aliyempeleka huko.

Jumatano tulikwenda kumwona. Uvimbe ulikuwa umepungua, jicho moja limefunguka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Joel alisimama.

"Mtu aliziba ile shimo," alisema, kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Nimeona. Udongo ilikuwa mbichi kabisa. Nikimjua huyo mtu, Mama, hatalala tena kwa hiki kilima."

"Imezibwa namna gani?" Kogo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Namna gani? Imezibwa tu. Imepakwa." Joel aliinua mkono wake akauteremsha hewani, juu hadi chini, mara mbili. Aliiga alichokiona, bila kujua anachosema.

Kogo aliutazama mkono wa mwanawe. Kisha akaitazama mikono yangu, iliyokuwa juu ya blanketi lake. Nilikuwa na nafasi. Natamani kusema nilifungua mdomo. Niliwaza chuo, nikawaza sanduku langu la bati likitupwa barabarani, msichana wa Kisii aliyetaka kumuua mama wa watu.

"Ni mimi," Kogo alisema.

"Wewe? Si wewe ndio hukataza watu?"

"Nilisahau."

Nilimwona Joel akilishika neno lile, na niliona uso wake ukilegea, karibu kwa furaha, ingawa pengine hakujua. "Basi Mama," alisema polepole, "kama umeanza kusahau mambo kama hayo, huwezi kukaa peke yako tena." Neno Kogo alilolitumia kunificha ndilo lililomtoa nyumbani kwake, na alijua hivyo lilipokuwa likitoka mdomoni.

Alirudi baada ya siku nane. Nyumba ilikuwa bado imesimama, lakini kitanda chake kilikuwa kimeshahamishwa. Hakuingia. Alizunguka nyuma, chini ya dirisha langu, akakuta kile kipande changu kimekauka, mistari yake inateremka wazi kwa mwanamke yeyote mwenye macho. Alikibandua kwa ncha ya jembe, akakitia kwenye beseni, akamimina maji. "Hii bado ni udongo mzuri," alisema. Alikanda mpaka hakikubaki kipande. Kisha akaniita jikoni, kibanda ambacho Joel alikubali kukiacha, tukaanza kukisiriba pamoja. Nilipouteremsha mkono wangu aliushika. "Zungusha," alisema. "Hapa tunazungusha." Alinishikia mkono mpaka ukajua, na tulipomaliza hakuna mtu angeweza kusema ni wapi mkono wake umeishia na wangu umeanza. Nilidhani siku ile kwamba ameniadhibu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananificha.

Barua ya chuo ilikuja Aprili. Nyumba ilikuwa imebomolewa Machi. Nimekuwa mwalimu tangu wakati huo, na watu husema mwalimu mwema, mwenye subira na watoto wanaoficha makosa. Nilimtembelea kila Desemba na sukari na mikate. Tulikaa sebuleni kwa Joel, chini ya kalenda, tukanywa chai. Mara nyingi nilikwenda nimelipanga neno langu, na kila mara aliuliza habari za watoto wangu kabla sijaanza. Nadhani hakutaka nilitoe. Au nadhani hivyo kwa sababu inanifaa. Yule panya wa ukutani nimemfahamu vizuri kuliko alivyomfahamu Joel.

Tulimzika Ijumaa. Aliishi karibu miaka mia, na alikumbuka majina ya wajukuu wa wajukuu wake mpaka siku ya mwisho. Wageni walipopungua, Joel, ambaye sasa ni mzee mwenye fimbo, aliniomba nizunguke naye nyuma ya kile chumba cha mawe. Sikuwa nimewahi kufika upande ule. Chini ya dirisha la mama yake, kwenye maungio ya mawe mawili, kulikuwa na shimo la kuingia kidole kimoja. Kingo zake ziling'aa.

"Alimlazimisha fundi aiache," Joel alisema. "Kila mwaka maua yakitoka, anakuja na nta kutoka kwa mtu wa mizinga huko Sosiot, anaipaka hapa, ati harufu iwaite. Hata mwaka huu, tulimshika mkono. Hakuna nyuki hata moja imewahi kuingia." Alilitazama shimo. "Jumatatu fundi anakuja kupiga plasta. Wewe ulikaa naye, Mwalimu. Niambie. Tuizibe?"

Nilimwambia. Nilisimama pale kwenye majani mabichi na kitambaa cha mazishi begani, nikamwambia yote: jicho, kichwa kisichouma, viganja viwili vya udongo. Nilimwonyesha kwa mkono wangu, juu hadi chini, kama alivyotuonyesha yeye hospitalini. Sikumwomba msamaha, maana mwenye kuutoa tulikuwa tumemfukia.

Joel alikaa kwenye jiwe. "Alijua?" aliuliza.

"Alijua hapo hapo. Aliuona mkono wako."

"Na mimi nikamwambia anasahau." Alichora chini kwa fimbo. "Hizi mawe, Mwalimu, nilikuwa nimeshaleta kabla ya hiyo Jumapili. Zilikuwa nyuma ya boma, chini ya nyasi. Nilikuwa nangoja tu sababu. Alipolala hospitali nilimshukuru Mungu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Sijawahi kumwambia mtu."

Tulikaa hivyo, watu wawili wazima, kila mmoja na chake mkononi. Baadaye aliinuka kwa shida. "Fundi ataizunguka," alisema, akaenda kuwaaga wageni.

Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, na ndani yake kipande cha nta chenye alama za vidole vya Kogo. Nilikipasha joto katikati ya viganja mpaka kikalainika. Kisha nikaipaka nta ile kwenye mdomo wa shimo, nikizungusha mkono.